Dumuzi Asiyekuwa Dumuzi

Mwezi Julai mwaka 2009, nikiwa mwanafunzi wa kilimo katika mafunzo kwa vitendo mkoani Mtwara, nilitumwa kwenye shamba la mzee mmoja upande wa Mikindani, ambaye mikorosho yake mitatu ilikuwa inakauka matawi wakati ambapo mingine yote ilikuwa imeanza kutoa maua. Nilimwamkia, na baada ya kuitikia marahaba alinipa kitawi chenye unene wa kidole gumba, kilichotobolewa matundu kama ya ncha ya sindano, huku unga ukimwagika kila alipokigonga.

"Mjukuu wangu, hawa ni dumuzi," alisema. "Walinimalizia mahindi ghalani, sasa wamehamia mikoroshoni. Nataka kununua dawa."

Niliandika neno hilo katika daftari bila kuuliza zaidi, na ninakiri kwamba nililiandika kwa raha, kwa sababu nilikuwa na hoja za kulitetea: dumuzi ana umbo la mviringo mrefu, kichwa chake kimefichwa chini ya kifua, na hutoboa hata muhogo mkavu na mbao. Wadudu niliowabandua kwenye kitawi walikuwa hivyo hivyo, ukiwatazama kwa juu.

Msimamizi wangu, mama mpole aliyekuwa na mazoea ya kujibu swali kwa swali, alilisoma daftari akaniuliza kama nilikuwa nimewapima. Sikuwa nimewapima. Dumuzi hufika milimita 3 hadi 4.5, na wa kwetu, nilipowalaza kando ya rula, hawakufika hata 2. Hapo tu ningepaswa kuona aibu, lakini nilisema kwamba huenda ni wadogo bado. Alinikumbusha kwamba mbawakawa akishatoka katika hali ya buu na ya bundo, yaani ile ya kujigeuza kuwa mdudu kamili, hakui tena, akanisogezea hadubini.

Kilichoniumbua kabisa ni kipapasio, kile kiungo chembamba cha kichwani ambacho mdudu hupapasia. Cha dumuzi huishia kwa pingili tatu zilizoachana, kila moja ikionekana peke yake, ilhali hiki kilikuwa kimepinda kama kiwiko na mwishoni kilikuwa na rungu bapa lililoshikana. Hao ni mbawakawa wa magome, ambao wataalamu huwaweka katika familia ya fukusi ingawa hawana ile pua ndefu ambayo kila mtu huitegemea kumtambua fukusi.

Kufika kwenye jenasi, yaani kundi dogo la spishi za karibu ndani ya familia, kulichukua mchana mzima, kwa kuwa ilinibidi kumgundisha mdudu mmoja ubavuni kwenye ncha ya kipande cha karatasi ngumu, na watatu wa kwanza niliwavunja. Aliposimama vizuri niliona kwamba ukingo wa mbele wa kifua ulikuwa na meno yaliyochomoza, nikahesabu manne, na nyuma yake mteremko wote ulikuwa na vipele vikali vilivyopangika kama meno ya mbuzi ya kukunia nazi. Ukingo wa nyuma wa kifua ulikuwa na mstari mwembamba ulioinuka. Juu ya mabawa magumu, katikati ya safu za vishimo, zilisimama safu za vinyweleo vilivyotanuka kama magamba ya samaki. Pingili baina ya kiwiko cha kipapasio na rungu lake zilikuwa nne, na katika jenasi hiyo huwa tatu hadi tano. Nilizihesabu mara tatu kwa sababu sikuyaamini macho yangu.

"Sasa tafuta dume," alisema mama.

Tulikipasua kitawi kwa wembe. Majike yalizidi ishirini. Dume tulimpata mmoja tu, mdogo kuliko dada zake, asiye na mabawa ya kurukia, kwa maana madume ya jenasi hii huzaliwa ndani ya njia zilizotobolewa kitawini, hupandana na dada zao humo humo, na kwa kawaida hawatoki. Jenasi ilikuwa Hypothenemus, ile ile ya mdudu anayetoboa buni za kahawa. Spishi hatukuifikia, kwani humo wengi wanafanana mno.

Wengi wa jenasi hiyo huingia katika vitawi vilivyokwisha kufa au kudhoofika, kwa hiyo swali likawa ni nini kilichoidhoofisha mikorosho. Nilirudi siku ya pili na nikaizunguka, jambo ambalo siku ya kwanza sikulifanya. Upande uliopakana na shamba la jirani, magome ya mashina yote matatu yalikuwa yameungua hadi usawa wa kiuno. Mzee alieleza kwamba jirani alichoma majani mwezi wa Mei na moto ukamshinda.

Nilimwomba aiweke fedha ya dawa, akate matawi makavu na ayachome mbali na shamba. Alikubali, kisha akataka jina. Nililitamka kama nilivyofundishwa: "Haipothenemasi."

"Haipo?" aliuliza, akikigeuza kitawi kiganjani. "Na huyu aliyemo humu?"