Nipe Maji Ninywe

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa. Injili ya Dominika hii ya tatu ya Kwaresima, Yohane 4:5-42, ni ndefu, na wazee wetu watasimama mpaka magoti yalie. Mimi sikufika mbali. Nimekwama kwenye aya ya 7.

Yesu anazijua habari zote za mama yule Msamaria aliyemkuta kisimani: waume watano wamepita, na aliye naye sasa si mume wake. Lakini haanzi na hayo. Anaanza na kiu yake mwenyewe: "Nipe maji ninywe." Habari ya mume inangoja hadi aya ya 16, wakati wameshazungumza na mama ameshasahau hofu.

Nimeikumbuka tarehe 18 Desemba 2023, Vatikani ilipotoa tamko la Fiducia Supplicans. Liliruhusu padre kuwabariki, bila ibada rasmi, wenzi walio katika hali isiyo ya kawaida, wakiwemo wa jinsia moja. Tamko hilohilo lilisema ndoa ni ya mwanamume na mwanamke, na kwamba baraka hiyo haihalalishi hali yao. Sidhani kama wengi tulisoma mpaka hapo. Kundi letu la simu halikulala. Tarehe 11 Januari 2024, Kardinali Ambongo wa Kinshasa akaandika kwa niaba ya maaskofu wa Afrika kwamba baraka hizo kwa wenzi wa jinsia moja hazitatolewa huku kwetu. Nilishusha pumzi, sifichi. Naamini ndoa kama Kanisa linavyoifundisha. Na kisheria mjadala wenyewe haujatufikia: Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971, kifungu cha 9, inataja muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke, basi.

Ila barua ya Kardinali ilisema pia kwamba watu wenye mwelekeo wa mapenzi ya jinsia moja watendewe kwa heshima na utu. Sentensi hiyo hakuna aliyeituma kwenye kundi.

Jumamosi iliyofuata, kwenye jumuiya yetu ndogo ya kusali nyumba kwa nyumba, hata Injili ilikuwa haijasomwa. Vicheko, matusi, mmoja akasema wangechomwa. Nilicheka pia kidogo, Mungu anisamehe. Halafu nikatazama kwenye mkeka wa nyuma.

Alikuwepo dada yetu mmoja aliye kwenye uchumba sugu, yaani anaishi na mwanamume bila ndoa ya Kanisa, mwaka wa kumi na saba. Mahari haijaisha, mwanamume kila mwaka anasema "baada ya mavuno." Serikali, kwa kifungu cha 160 cha sheria ileile, ikiona watu wameishi pamoja miaka miwili na majirani wanawahesabu mke na mume, inawadhania wameoana. Sisi tunamwachia afagie kanisa, na wakati wa Komunyo anabaki kwenye benchi. "Hali isiyo ya kawaida" ni pamoja na yeye! Tulikuwa tunapiga kelele juu ya watu wa Ulaya, kumbe nusu ya tamko ilikuwa imekaa nasi mkekani.

Na pembeni yake alikuwepo mama mmoja, mjane. Mwanawe yuko mbali, miaka sasa harudi nyumbani, na kwa nini harudi kila mtu anajua na hakuna anayesema. Zamani mama huyu hakukosa ombi: "Tumwombee mwanangu huko aliko." Tangu Jumamosi ile hajaleta tena ombi hilo. Anaombea mvua. Anaombea wagonjwa.

Nimejiuliza kama kuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwomba mama huyu kitu, badala ya kujua tu habari zake. Msamaria yule aliuacha mtungi wake akakimbia mjini kuwaita watu. Wa kwetu tumemfunga mdomo, naye ni mwanajumuiya hai, mchango wake haujachelewa hata mara moja.

Jumamosi hii zamu ya kusali ni nyumbani kwake, saa kumi na mbili asubuhi. Nitafika kabla ya wengine. Nitamwomba maji ya kunywa, nikae, kisha nimuulize kijana hajambo.