Majani Mekundu Dirishani: Msimu wa Mapukutiko na Wanangu Wawili

Oktoba ya mwaka wetu wa kwanza jijini Minneapolis, Marekani, mwanangu wa miaka mitano aliitazama miti ya mepo (maple) iliyokuwa imegeuka myekundu, akaniuliza kama inaumwa. Sikuwa na jibu la haraka, kwani nilikulia Tabora, ambako mwezi huo huo miti ya miombo huchipua majani mapya mekundu kabla ya mvua kunyesha, na kwangu wekundu wa majani ulikuwa habari ya mvua, si ya baridi. Swali lake ndilo lililonipatia shughuli ya kufanya na wanangu ndani katika majuma yale ya giza la mapema.

Mwanzo wetu ulikuwa mbaya. Tuliyabandika majani mabichi kwenye karatasi kwa gundi, na kesho yake yalikuwa yamejikunja na kubanduka, binti yangu wa miaka mitatu akalia. Baada ya hapo tuliyapanga kati ya kurasa za magazeti, tukayabana chini ya vitabu vizito kwa juma zima, tukibadilisha magazeti kila baada ya siku mbili ili unyevu usiyaozeshe. Yalipokauka yakiwa bapa, watoto waliyapanga wapendavyo kati ya karatasi mbili za nta, nami nikaweka kitambaa juu na kupitisha pasi ya moto mdogo isiyo na mvuke, hadi nta ikayeyuka na kuyashika. Pasi sikumwachia mtoto hata mara moja. Tuliyatundika kwenye dirisha la jikoni, na jua la asubuhi lilipopenya, sakafu nzima ilipata rangi.

Binti yangu alipenda zaidi kuchapa majani: unalaza jani mishipa ikiwa juu, unalifunika kwa karatasi nyembamba, kisha unasugua kwa ubavu wa kalamu ya nta iliyovuliwa ganda lake. Mkono wa mtoto mdogo unaiweza kazi hiyo bila msaada, na sijaona shughuli nyingine iliyomtuliza kwa muda mrefu hivyo.

Matunda ya mwaloni yalitufundisha tahadhari. Tuliyajaza bakuli, na baada ya siku chache funza weupe wakaanza kutoka humo. Tangu hapo huyaoka kwanza kwa nusu saa katika nyuzi 95 za Selsiasi, na binti huyashika nikiwa karibu, maana yanaweza kumkaba kooni.

Kuhusu swali la ugonjwa, nilitandika kanga ya njano, nikaifunika kwa ya kijani, kisha nikaivuta ile ya juu polepole. Niliwaeleza kwamba siku zinapofupika, mti huacha kutengeneza ukijani, na njano iliyokuwemo tangu mwanzo huonekana, ilhali wekundu wa mepo hutengenezwa wakati huo huo wa kuaga.

Jumamosi moja saa tatu asubuhi, kwao saa kumi na moja jioni, tulimpigia bibi yao simu ya video. Mwanangu alimwonyesha jani lake. Bibi akatoka nje, akaelekeza simu kwenye tawi la mwombo.

"Bibi, hilo la kwenu linaanza au linamaliza?"

"Linaanza, mjukuu wangu."

Mwanangu alitaka tulichape na hilo. Kwa kuwa hatukuwa nalo, alilichora kwa kukumbuka, tukalitundika kando ya mepo.