Apolo Alipofundishwa na Washona Mahema

Somo: Matendo ya Mitume 18:24–28

Bwana asifiwe, wapendwa. Wiki hii naandika nikiwalenga zaidi walimu walio kati yetu, na wazazi nao wasikae mbali.

Apolo alikuwa mwenyeji wa Iskanderia, mji wa wasomi. Luka, mwandishi wa kitabu cha Matendo, anatuambia alikuwa msemaji hodari, mjuzi wa Maandiko, mwenye roho ya bidii, na habari za Yesu alizifundisha kwa usahihi. Mzazi yeyote angemtaka mtu kama huyo darasani kwa mwanawe. Halafu Luka anaongeza kwamba alijua ubatizo wa Yohana tu. Pentekoste imeshapita, Roho ameshuka, makanisa yamezaliwa, naye Apolo bado anafundisha ya Yordani, alikobatiza Yohana. Anayafundisha vizuri sana, lakini kazi ya Mungu imesonga mbele na yeye hajapata habari.

Nashukuru kwamba Luka hamwiti mwalimu wa uongo. Mwalimu asiyejua kazi yake si sawa na mwalimu aliyeijua kazi barabara halafu nyakati zikampita. Walimu wengi wa Nairobi ninaowafahamu ni hao wa pili. Walisoma kwa mfumo wa 8-4-4 (miaka minane ya msingi, minne ya sekondari, minne ya chuo kikuu) ulioanza mwaka 1985, wakafunzwa chuoni kuufundisha, na watoto waliopita mikononi mwao leo ni wauguzi, makarani na wachungaji. Mtaala wa umilisi (CBC) ukaingia madarasani mwaka 2019, ukianzia chekechea na gredi za chini, na kila mwaka wa masomo ukapanda ngazi pamoja na watoto wale wa kwanza. Mwaka 2023 walipofika Gredi ya 7, wale wa mfumo wa zamani walikuwa wanafanya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, kwa mara ya mwisho. Mwaka 2026 wameingia sekondari ya juu. Mwalimu aliyezoea kuwapanga watoto kuanzia nambari moja mpaka wa mkia, sasa anatakiwa aandike kama mtoto anazidisha matarajio, anayafikia, anayakaribia au yuko mbali nayo, tena aeleze ameonaje. Inamlazimu amtazame kila mtoto peke yake, na darasa lina watoto sitini.

Basi tazameni ni nani aliyemfundisha Apolo. Priskila na Akila walikuwa washona mahema. Walikuwa wamefukuzwa Rumi kwa amri ya Kaisari Klaudio pamoja na Wayahudi wengine, wakahangaika hadi Korintho, kisha Efeso, wakiishi kwa kazi ya mikono yao. Mtu wa Iskanderia akakubali kuketi nyumbani kwa mafundi, mmoja wao mwanamke, aelezwe njia ya Mungu kwa usahihi zaidi.

Haya si ya zamani tu. Muhula uliopita, katika shule moja ya Eastlands, niliona mwalimu wa Gredi ya 8 aliyepewa somo la ufundi ilhali chuoni alisomea historia na dini. Alifanya jambo ambalo wengi wetu tungeona haya kulifanya. Alimwita mzazi mmoja, fundi wa masanduku ya bati kule Kamukunji, aje awafundishe watoto. Yule fundi alikuja na mkasi wake na nyundo ya mti, akapiga magoti uani, akawaonyesha jinsi ya kuchora mstari kwa ncha ya msumari kabla ya kukata, na jinsi ya kukunja ukingo wa bati usimkate mtu kidole. Mwalimu hakusimama pembeni kama msimamizi. Aliketi kwenye benchi pamoja na wanafunzi, daftari magotini, akauliza maswali. Aliomba naye apewe mkasi. Mstari wake wa kwanza ulienda upande, fundi akamshika mkono akamwelekeza, na watoto wakaona mwalimu wao akielekezwa. Nadhani siku hiyo walijifunza zaidi ya bati.

Najua kuna manung'uniko, na mengine yana haki. TSC, tume inayowaajiri walimu, ilipozindua mwaka 2021 mafunzo ya lazima ya kumwendeleza mwalimu, yaliyopangwa kwa moduli sita, kila moja ya miaka mitano, gharama ya shilingi 6,000 kwa mwaka ilikuwa itoke mfukoni mwa mwalimu mwenyewe. Vyama vya walimu vilipinga, na sioni kosa lao. Neno la Mungu linasema mtenda kazi anastahili ujira wake, na mwalimu anayelipa kodi ya nyumba Kayole au Pipeline ana haki ya kuuliza kwa nini atozwe ili afanye kazi aliyoajiriwa. Tuyaseme hayo bila woga. Ila tusiruhusu hasira ya ada izibe masikio yetu tusijifunze lolote kwa yeyote. Akila na Priskila hawakumtoza Apolo kitu.

Kuna jambo jingine ninalotaka walimu wakuu na walimu vijana walisikie. Priskila na Akila walimsikia Apolo akinena kwa ujasiri katika sinagogi, na waliona palipopungua. Wangeweza kusimama pale pale wakamrekebisha mbele ya watu. Hawakufanya hivyo, walimchukua kwao. Linganisheni na tunavyofanyiana. Orodha ya majina ya ambao hawajapakia alama mtandaoni inabandikwa kwenye kikundi cha WhatsApp cha walimu saa nne usiku. Mwalimu wa miaka hamsini na saba anaulizwa mbele ya wanagenzi kwa nini hajui kufungua tovuti. Akiaibishwa hivyo ataanza kujificha. Atamtuma mwanawe nyumbani ampakizie alama, na wewe utadhani amejifunza. Kijana, kama mikono yako ni myepesi kwenye tarakilishi, mfuate mwalimu huyo mezani kwake wakati wa chai, vuta kiti, mfanye pamoja polepole. Mwite Mwalimu, kama ulivyomwita akiwa anakufundisha.

Kuhusu akili unde, ambayo sasa iko kwenye simu za wanafunzi wetu, nitasema machache. Inanena kwa ufasaha kama Apolo, lakini Apolo alikuwa sahihi katika alichokijua, na alipoelezwa zaidi alipokea. Mashine inanena kwa ujasiri ule ule hata pale inapokosea. Kwa hiyo mtoto atahitaji mtu mzima anayejua somo kwa kina, na aliye tayari kuketi naye wachunguze jibu pamoja. Mwalimu aliyeacha kusoma baada ya kupata cheti hataiweza kazi hiyo.

Apolo alipotaka kuvuka kwenda Akaya, ndugu walimwandikia barua ya kumtambulisha, na alipofika aliwasaidia sana walioamini. Kukua kwake kuliwafaa watu wa mji mwingine kabisa, watu ambao Priskila na Akila hawakuwa nao siku ile walipomkaribisha nyumbani.

Wiki hii tuombe kwa majina. Tuwaombee walimu wanaofundisha masomo wasiyoyasomea, wasione haya kuuliza. Tuwaombee walimu wa sekondari wanaobeba mifumo miwili kwa wakati mmoja hadi KCSE ya mwisho, mtihani wa kumaliza sekondari katika mfumo wa zamani, mwaka 2027. Na wewe mzazi mwenye ufundi, uwe wa kushona, kupika, kulima au kutengeneza pikipiki, nenda shuleni kwa mwanao kabla muhula haujaisha umwambie mwalimu uko tayari kuitwa.