Mbwa wa kulinda nyumba Malindi: dume au jike?

Anayetafuta mbwa wa ulinzi hapa Malindi, iwe ni wa nyumba ya Shela, ya Muyeye au zile zenye bustani kubwa Casuarina, karibu kila mara huomba dume. Dume ni mkali, watu husema, na jike atajaza watoto uani. La watoto ni kweli. La ukali linapotosha, maana ulinzi hutoka zaidi kwenye mbegu na malezi ya mbwa. Jike aliyelelewa vizuri hubweka na kusimama langoni sawa na dume, tena mara nyingi hukomaa mapema.

Tabia inayomtenga hasa dume asiyehasiwa ni kuzurura. Jike wa mtaani akiingia joto, yaani kipindi cha kutaka kupandwa, dume hupata harufu yake kutoka mbali, akachimba chini ya ua wa kayaba au kupenya palipooza makuti. Usiku huo nyumba haina mlinzi. Hurudi na kupe, majeraha ya kupigana, na pengine uvimbe wa zinaa, ambao mbwa huambukizana wakipandana, wakinusana au wakilambana. Ukiona damu inadondoka kwenye uume siku baada ya siku, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Sindano ya kila wiki, kwa kawaida wiki 4 hadi 6, huutibu vizuri. Mzururaji huyo ndiye pia anayekutana na mbwa wenye kichaa, kwa hiyo chanjo aipate akiwa na miezi 3, kisha irudiwe kila mwaka.

Dume pia huinua mguu na kukojolea kila nguzo. Lango la chuma ambalo tayari linapigwa na hewa ya chumvi huoza chini mapema. Limwagie maji kila asubuhi.

Kuhasi hupunguza sana kuzurura. Kukojolea nguzo na kupanda wenzake hupungua kwa baadhi yao, si wote, na huchukua wiki au miezi. Kubwekea wageni hakuondoki, kwa hiyo usihofu kwamba utapoteza mlinzi. Mbwa anayeuma kwa woga naye hatapona kwa kisu; huyo anahitaji mafunzo. Baada ya upasuaji mtenge na majike kwa wiki 4 hadi 6, kwani mbegu zilizobaki bado zinaweza kutunga mimba.

Kwa jike, kazi kubwa ni joto. La kwanza huja kati ya miezi 6 na 12, kwa mbwa wakubwa hata baadaye, kisha hurudi takriban kila miezi 6 au 7. Hudumu kama wiki 3. Mwanzoni anatoka damu na kuwafukuza madume. Damu inapokuwa nyepesi, karibu na siku ya 9, wenye mbwa hudhani yameisha wakamfungulia, na hapo ndipo anapokubali kupandwa! Mfungie wiki zote 3, ongeza moja kwa usalama, ndani ya chumba chenye mlango. Kumfunga mnyororo uani ni kumkabidhi kwa madume. Ukiwakuta wamegandana, tafadhali usiwavute wala kuwamwagia maji. Huachana wenyewe baada ya dakika 5 hadi 30. Ukiwavuta utawajeruhi wote wawili. Mimba huchukua takriban siku 63.

Wiki 6 hadi 8 baada ya joto, jike asiye na mimba anaweza kutoa maziwa, kuchimba shimo la kuzalia, kukumbatia kandambili na kumngurumia mtoto anayeikaribia. Ni homoni. Usimpige, usimkamue, kwa kawaida hupita baada ya wiki 2 au 3. Lakini akinywa maji kupita kiasi, akikataa chakula, akitapika au akitoa usaha, kizazi huenda kimeoza. Mpeleke siku hiyo hiyo, na usisubiri usaha, kwa sababu mlango wa kizazi ukijifunga hautoki nje.

Ukitaka mbwa wawili, chukua dume na jike, wote wamefungwa uzazi. Majike wawili wakishaanza kupigana ni vigumu mno kuwapatanisha, na huumizana vibaya. Kama tayari unao, walishe mahali tofauti na usiwaachie mfupa mmoja. Kuwatoa kizazi kusubiri miezi 2 au 3 baada ya joto, kwani wakati wa joto mishipa hujaa damu na upasuaji huwa wa hatari zaidi.