Siku moja maishani mwangu: asubuhi vioo vya madirisha, jioni kioo cha darubini

Saa 11 alfajiri

Adhana ikiisha tu huku Makorora, Tanga, mie niko stoo ya bibi, uso wenyewe sijanawa vizuri, maana huu ndo muda pekee wa kupima kioo. Jua likishatoka bati linashika moto, hewa ya humu ndani inaanza kucheza na vipimo vyote vinakuwa ovyo. Kioo ninachohangaika nacho kina upana wa milimita 200, nilikikata kwenye kioo kinene cha meza ya duka kilichokuja dukani kwa mjomba kimevunjika pembe, na tangu jana jioni kimekaa kwenye stendi yake ukutani kinapoa. Mie niko upande wa pili, mita 2.4 kutoka kwenye kioo, na kitaa kidogo cha LED, upenyo mwembamba wa mwanga na wembe.

Ndio, wembe, ule ule wa kunyolea. Mwanga unatoka kwenye upenyo, unagonga kioo, unarudi na kukusanyika karibu na pale ulipotoka, halafu unausogeza wembe polepole uukate huku jicho liko nyuma yake. Kama uso wa kioo ni kipande cha tufe kamili, kioo kizima kinafifia kijivu kwa mara moja. Kama kuna kilima au bonde, vivuli vinakuonyesha pale pale. Kipimo hiki kilibuniwa na Mfaransa Léon Foucault mwaka 1858 na mpaka leo anayesaga kioo nyumbani anakitegemea. Mie sitaki tufe, nataka parabola, umbo linalokusanya mwanga wote wa nyota mahali pamoja, na parabola kwenye wembe inaonekana kama donati, imevimba kwenye duara na katikati imebonyea. Tofauti ya tufe na parabola kwa kioo changu hiki haifiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita, na ndani ya huo mwanya natakiwa nisikosee zaidi ya nanomita 70 hivi. Unywele wa kichwani ugawe mara elfu ndo upate hiyo.

Asiyeamini namfanyia kitu kimoja. Namwambia weka kidole gumba juu ya kioo sekunde kumi, toa, njoo uchungulie huku. Anakuta kilima kimesimama pale alipogusa! Joto la kidole tu limevimbisha kioo, na kilima kinashuka taratibu huku unakitazama mpaka kinapotea. Mjomba alipofanyiwa hivyo aliondoka bila kusema kitu, akarudi jioni na rafiki zake wa kijiwe cha kahawa nao waje waweke vidole.

Leo katikati kumebaki juu kidogo. Nachora kivuli kwenye daftari, napiga na picha kwa simu. Bibi anasukuma mlango na taa yake mkononi:

"We mjukuu wangu, hicho kioo hakijaiva tu?"

"Bado bibi, shikamoo. Katikati hapajashuka."

"Marahaba. Kilimia nimekiona kule nje, kimepanda. Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, ulijue hilo kabla ya hivyo vitabu vyako."

Kilimia ndo kile kishada cha nyota cha wakulima. Bibi amelima Muheza miaka mingi, kalenda yake ilikuwa huko juu. Kwenye ukoo wetu mnajimu wa kwanza ni yeye, mie nimekuja na vifaa tu.

Saa 2 asubuhi

Ngamiani, dukani kwa mjomba. Chai ya rangi, chapati na mbaazi za nazi, halafu madirisha. Kuna mzee wa Chumbageni anajenga, anataka vioo vyote leo. Almasi, rula, mkwaruzo mmoja bila kurudia, gonga chini, kioo kinakatika. Hapa sina cha kusimulia sana ila hiki, kioo kina sauti, ukikata vizuri unasikia mlio mmoja mwembamba na ukikata vibaya unasikia kabla hujaona. Mikono yangu ilijifunza kioo hapa, kabla sijajua hata focal length ni kitu gani, yaani umbali wa kutoka kwenye kioo hadi pale mwanga wa nyota unapokusanyika.

Kuingia kwenye darubini kwenyewe nilianzia hapa hapa. Mteja mmoja alileta darubini ya zamani aliyoachiwa na mgeni Raskazone, kioo chake kimeliwa na chumvi ya bahari hadi kimekuwa cheusi, akataka tumbadilishie "kioo cha kujitazamia" tu. Mjomba akamwambia haiwezekani, mie nikaomba nikae nayo. Nikaanza kusoma, nikakuta kumbe kile kioo kimebonyezwa kwa kusugua, kioo juu ya kioo, unga mkali wa kusagia uitwao karborandamu na maji katikati, unasukuma mbele na nyuma huku unalizunguka pipa, cha juu kinachimbika katikati na cha chini kinapanda. Hakuna mashine! Na huyo William Herschel aliyeigundua sayari ya Uranus Machi 1781 alikuwa mpiga muziki kule Bath, Uingereza, darubini kaitengeneza mwenyewe nyumbani. Kuna siku aling'arisha kioo saa 16 bila kuondoa mikono, dada yake Caroline akawa anamlisha matonge mdomoni. Mwaka 1782 mfalme akampa mshahara wa pauni 200 kwa mwaka aache muziki, na baadaye Caroline naye akalipwa pauni 50. Mie hapo nilijiuliza swali moja tu, Caroline yeye alilishwa na nani.

Saa 5

Bajaji mpaka shule moja ya sekondari nje kidogo ya mji. Hii ndo sehemu ya kazi inayonilipa kwa jina la anga, kuna mradi umenipa mkataba mdogo wa kutunza darubini za shule na kufundisha walimu kuzitumia. Watu wakisikia hivyo wanafikiri nakaa natazama nyota. Leo nimetazama kuvu! Hewa ya Tanga ina unyevu, darubini ikifungiwa kabatini miezi kadhaa lenzi za kuchungulia zinaota utando kama mizizi, ukichungulia Mwezi unaona msitu. Nafungua, nasafisha kwa pamba laini na spiriti kidogo, sisugui, naburuta tu pamba mara moja natupa. Halafu nawapa walimu siri ya bure, vile vipakiti vidogo vya kwenye maboksi ya viatu msitupe, viwekeni kwenye boksi la lenzi.

Kioo kikubwa cha darubini yao niliwatengenezea mie na nilikipaka fedha, maana mtambo wa kupaka aluminiamu kwenye ombwe sina. Fedha inang'aa kuliko aluminiamu ikiwa mpya lakini hewa yetu inaigeuza manjano haraka, kwa hiyo nimekibeba nirudi nacho. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili akaniuliza, "Dada, hesabu ulipata ngapi?" Nikamwambia ukweli, C, na kwamba sasa nasoma fizikia Chuo Kikuu Huria usiku usiku na hesabu nazipiga kwa nguvu zote kwa sababu safari hii najua za nini. Akaandika kwenye daftari, sijui aliandika nini.

Saa 8 mchana

Usaili. Kituo kimoja cha uangalizi wa anga Afrika Kusini kinatafuta fundi msaidizi wa vioo, niliomba bila matumaini, wakanijibu. Nimejifungia kwenye chumba cha nyuma dukani, laptopu juu ya katoni la silikoni, bando la kutosha, mjomba kakatazwa kukata kioo nusu saa nzima na namwona kwa dirishani anavyoteseka.

Walikuwa watatu. Sikuwatumia picha za Mwezi, kila mtu ana picha za Mwezi. Niliwatumia daftari la alfajiri, vivuli vya wembe, kioo kimoja kuanzia kina kilima mpaka kimekaa sawa. Wazo nililipata kwa Clyde Tombaugh, kijana wa shamba wa Kansas, ambaye mwaka 1928 alimaliza darubini ya inchi 9 kioo kasaga mwenyewe, akachora Mirihi na Mshtarii alivyoviona, akatuma michoro kwenye kituo cha Lowell kule Arizona aombe ushauri tu, wao wakamwita kazini. Alikuwa hajasoma chuo. Februari 1930 akaigundua Pluto. Mie naona watu wanaisimulia hii hadithi vibaya, wanasema bahati, wakati michoro ile iliwaonyesha wale wataalamu kwamba huyu kijana macho yake na mikono yake haidanganyi. Ajira ya anga kwa mtu wa aina yangu iko hapo, kwenye kuonyesha unachokijua kwa mkono. Mapenzi ya nyota wanayo wengi.

Wakaniuliza, ukikuta ukingo wa kioo umeporomoka utafanyaje? Hilo si nimelala nalo kitanda kimoja. Nikawaambia kwanza natazama lami ya kung'arishia, ule ulimbo unaokaa chini ya kioo, ikiwa laini sana au nikisukuma mikono mirefu, yaani nikikipeleka kioo mbali kila nikisugua, ukingo unaliwa, kwa hiyo nafupisha mikono, nabadili lami, na kama umeshuka sana sibembelezi, narudi kwenye unga laini nianze upya. Mmoja akacheka akasema wengi huwa wanabembeleza. Wakaniuliza pia naijua SALT, nikawaambia naijua kwa wivu, ile darubini kubwa ya Sutherland, huko huko Afrika Kusini, kioo chake kina vipande 91 vya pembe sita, kila kimoja upana wa mita 1, na vyote wameviacha na umbo la tufe, kasoro inasahihishwa na vioo vingine huko juu. Yaani kitu ninachokipigania kila alfajiri stoo wao wamekihamishia kwingine! Wakacheka wote, sijui kama ni vizuri au vibaya. Jibu ni mwisho wa mwezi. Nimemfungulia mjomba mlango, swali lake la kwanza, "Wanalipa nauli?"

Saa 10 jioni

Sasa ile katikati iliyobaki juu. Lami yangu naipika mwenyewe, ulimbo wa msonobari na mafuta kidogo ya nyonyo, nayeyusha moto mdogo, namimina juu ya kile kioo cha chini, ikianza kuganda nachora mifereji ya miraba kwa rula iliyolowa. Kuijua kama imekaa sawa nabonyeza kwa ukucha, ikiacha alama bila kupasuka inafaa. Jioni ya Julai kama hii kusi linavuma, kuna ubaridi wake, lami inakuwa ngumu kidogo na kazi inakwenda vizuri. Januari usijaribu, inakuwa kama uji.

Maji, unga wa seriamu wa kung'arishia, kioo juu, mikono ya umbo la W, napita zaidi katikati. Dogo Rama anayejifunza kazi dukani anataka kusaidia, namwambia kaoge kwanza. Simtanii! Chembe moja ya mchanga kutoka kwenye nywele ikiingia hapa inachora mkwaruzo wa kunirudisha wiki nzima nyuma. Dakika saba, nane, nasimama. Hapo ndo wengi wanaharibu, wanaona mkono umekolea wanaendelea. Kioo kimepata moto kwa kusuguliwa, ukikipima sasa kinakudanganya. Nakiosha, nakirudisha kwenye stendi, nafunga stoo, ufunguo nampa bibi ili hata mie nisiingie.

Saa 2 usiku

Watoto wa mtaa wameshajipanga. Darubini ya kwanza niliyosaga, ya milimita 150, imekaa kwenye kiti chake cha plaiwudi kinachozunguka, mtindo aliousambaza John Dobson kule San Francisco, hauna mota wala nati za ajabu, fundi seremala yeyote wa Tanga anakutengenezea. Mwezi uko robo, pale mwanga na giza vinapokutana mashimo yana vivuli virefu. Kila mtoto anashtuka kivyake. Bi Mwanaidi jirani kachungulia, kanyamaza, kachungulia tena, kisha akaniuliza mbona wale waliokwenda hawaonekani.

Watoto wakiondoka naigeuzia kwenye Alfa Senturi, upande wa kusini. Kwa macho ni nyota moja, kwenye darubini zinakuwa mbili zimekaa pamoja, kila moja duara safi. Kioo kibovu kisingezitenganisha hivyo. Hiki ndo cheti changu cha kwanza, hata kama hakina muhuri.

Saa 4 usiku

Kazi ya mwisho haihitaji darubini. Karibu na nyota angavu Altair kuna nyota Eta Aquilae, mwanga wake unapanda na kushuka kila siku 7 na kidogo, kutoka ukubwa wa 3.5 hadi 4.4 na kurudi, na ukubwa hapa ni kipimo cha mwangaza, namba ikipanda mwanga unashuka. Naifananisha na majirani zake wasiobadilika, nakadiria, naandika. Leo nimeipa 3.9. Saa ninayoandika si saa 4 usiku wala 22:00, ni 19:00, saa za dunia, ili mtu wa Chile na mie tuongee wakati mmoja. Bibi anasema nina saa nyingi kuliko swala.

Wanaoniuliza waanze na kioo gani, anzeni na milimita 150 chenye focal length ya milimita 1200. Hicho hata kikibaki tufe kitakuonyesha vizuri, kuchimba ni kama milimita 1.2 tu katikati, fila geji ya fundi magari inatosha kupimia. Msianze na 200 kwa sababu mmeona ya kwangu.

Na kile kioo cha shule nakipaka fedha Jumamosi saa 3 asubuhi hapo hapo dukani. Anayetaka kuona aje na miwani ya kukinga macho, avae nguo asizozipenda, nitrati ya fedha ikikurukia doa jeusi halitoki, na asiniombe mabaki akaweke nyumbani, yakikauka yanaweza kulipuka, nayamwagia maji ya chumvi siku hiyo hiyo na kuyatupa.