Raundi tatu za gofu Montego Bay, na daftari la Mama Neema

Daftari lenyewe lilikuwa la shule, la jalada la bluu, Neema alilitumia kurasa nne akaliacha. Ilikuwa Februari, theluji imepanda hadi kwenye dirisha letu hapa Toronto, mke wangu akalifungua mezani akaandika JAMAIKA juu ya ukurasa mtupu. Akapiga mstari katikati. Kushoto vyake, kulia vyangu. Vyake akavipanga kwa mwandiko wa kihasibu: siku moja kwenye fukwe za Negril, kusingwa mara moja, zawadi za watu wa kanisani. Mimi nikaandika neno moja, gofu, na tarakimu moja: 270.

"Hii 270 ni ya nini na nini?"

"Raundi mbili. Ya tatu hoteli inatoa bure."

Akanyamaza. Tumeoana miaka 20, na safari ilikuwa ya kuiadhimisha hiyo miaka 20, kwa hiyo kunyamaza kwake nakujua. Kisha akauliza, "Baba Neema, na kedi yuko wapi?"

Nilishikwa na aibu ambayo sikuitegemea. Mimi nilikuwa kedi. Nimekulia Arusha, na likizo zangu zote za shule nilibeba mabegi ya gofu ya wachezaji pale klabu ya Gymkhana, Mlima Meru ukiniangalia. Najua begi la ngozi linavyokata bega ifikapo shimo la tisa. Nilikuwa naye mchezaji mmoja ambaye baada ya mashimo 18, yaani raundi nzima, alinishika mkono akaniambia "Mungu akubariki, kijana", akaingia kwenye gari lake. Baraka hiyo nilirudi nayo nyumbani, mama akaniuliza unga uko wapi. Na leo, mtu mzima mwenye handikapu ya 17, yaani napiga kama mikwaju 17 zaidi ya mchezaji hodari, nimepanga gofu ya wiki nzima na kedi nimemwandikia sifuri.

Basi tukaanza upya.

Hoteli tuliyoichagua ni ya zile za kulipa mara moja: kitanda, chakula, vinywaji, viti vya ufukweni, vyote ndani. Tangazo lao lilisema wageni wa usiku saba wanapata raundi moja ya gofu bila malipo. Niliandika barua pepe kuuliza "bila malipo" maana yake nini, na jibu likaja la mistari mitatu: ada ya kiwanja haitozwi, kigari cha kuzungukia kiwanja, kedi na fimbo za kukodi ni juu ya mgeni. Kwenye viwanja vya hoteli kule Jamaika kedi si hiari. Unakwenda naye upende usipende, unamlipa kiwango kilichowekwa, na bakshishi ni yako na dhamira yako. Kigari nacho mara nyingi ni lazima, kwa ajili ya joto na vilima.

Halafu bei zote ni za dola za Marekani. Mimi nilikuwa nimezisoma kama za Kanada! Ile 270 yangu ilikuwa imeshapanda kwa zaidi ya theluthi kabla sijagusa fimbo, na kadi ya benki huongeza asilimia 2.5 yake kila inapotumika nje. Mama Neema hakusema kitu. Aliandika tu "US" kwa kalamu nyekundu pembeni ya tarakimu yangu, akaizungushia duara.

Suala la fimbo tulilijadili jioni nzima. Kukodi kule ni kwa raundi, na raundi tatu za kukodi zingefika karibu dola 180. Shirika la ndege lilikuwa linalihesabu begi la gofu kama begi lolote la kilo 23, kwa hiyo kwenda na kurudi ni dola 80 za Kanada. Tukabeba za kwangu. Kama ningecheza raundi moja tu, ningekodi na kuokoa mgongo wangu. Msimu nao tuliuchagua kwa pesa: kuanzia katikati ya Desemba hadi katikati ya Aprili wakimbia baridi wote wa Amerika ya Kaskazini wako Karibiani, na bei za viwanja zinawafuata. Kuanzia Juni hadi Novemba ni majira ya vimbunga. Mei ikabaki, mwezi wa jua kali, mvua za hapa na pale, na bei za watu kama sisi.

Saa nne za ndege, ukashuka Montego Bay, joto linakupokea mlangoni kama la Tanga. Magari yanapita kushoto, nikajihisi nyumbani. Teksi zenye leseni zina namba nyekundu na nyingi hazina mita, mnaelewana bei kabla mlango haujafungwa, na hapo pia nilijihisi nyumbani. Asubuhi ya kwanza mezani kulikuwa na tunda la aki lililopikwa na samaki wa chumvi, na pembeni vipande vya kitu nilichokitambua kabla sijakionja. Shelisheli! Mke wangu, ambaye kwao ni Pangani, alikula vitano bila kuongea.

Jumanne nikacheza raundi ya kwanza. Kedi wangu alikuwa mzee mwembamba wa miaka kama 60, kofia nyeupe, sauti ya chini. Akaniita bosi. Nikamwambia asiniite bosi, nami niliwahi kubeba mabegi. Akanitazama miguu, si uso, kama anayetafuta ushahidi, akasema, "Sawa, bosi."

Yule mzee ndiye aliyenifundisha upepo. Asubuhi na mapema hewa imetulia, inashuka taratibu kutoka milimani. Ikifika kama saa nne upepo wa bahari unaingia, nao wanauita Daktari, kwa sababu unaondoa joto. Ule wa usiku unaotoka bara wanauita wa mzika maiti. Kwa mchezaji tofauti ni kubwa: shimo lililohitaji fimbo namba 8 saa mbili asubuhi, saa tano linataka namba 5, ya kupeleka mpira mbali zaidi, na mpira ukipinda kidogo Daktari anaumalizia safari hadi vichakani. Kwenye grini, zile nyasi fupi zinazozunguka shimo, akanionyesha nyasi zinavyolala. Mimi naona mteremko wa kushoto, yeye anasema piga kulia, nyasi zimelala kuelekea baharini. Nilimbishia mara mbili. Mara ya tatu nikafanya alivyosema na mpira ukaingia.

Hayo yote hayakuzuia mipira kupotea. Mipira yangu huwa naichora nukta tatu za zambarau kwa kalamu ya Neema, nisije nikagombana na mtu. Nilikwenda na kumi na miwili, nikarudi na mmoja. Katika duka la kiwanja dazeni moja ilikuwa dola 55, na hapakuwa na duka lingine.

Jioni Mama Neema akafungua daftari. Ada pamoja na kigari, 165. Kedi, 30. Bakshishi, 25. Teksi kwenda na kurudi, 40. Jumla 260, na mipira 55 ukurasa wa peke yake. "Raundi moja imekula 270 yako," akasema, akafunga kalamu.

Ya pili nikataka kuwa mjanja. Viwanja vingi vinapunguza bei mchana, na nilitaka kuiona Cinnamon Hill, kule Rose Hall, iliyopita kwenye shamba la zamani la miwa. Mashimo ya mwanzo yanakushusha hadi ukingoni mwa bahari, kisha unapanda vilimani, ambako mwanamuziki Johnny Cash alikuwa na nyumba. Nilianza saa nane mchana. Nilichosahau ni jua. Toronto mwezi Mei jioni inavutika hadi saa mbili na nusu, na miaka kumi na mitano ya huko imeniharibu. Jamaika jua linazama kama la kwetu, saa kumi na mbili na nusu limekwenda, na mbele yangu kulikuwa na kundi la watu wanne wanaopiga picha kila shimo. Giza lilinikuta shimo la 16. Raundi hiyo yote, na teksi na kedi ndani yake, ilikuwa 195, na Mama Neema akaigawa kwa mashimo niliyocheza. "Dola kumi na mbili na senti kwa shimo. Afadhali ungenunua ardhi."

Alhamisi ilikuwa siku yake, ya Negril. Njiani dereva akapunguza mwendo Tryall, kwenye gurudumu kubwa la maji lililobaki la kiwanda cha sukari, kando ya barabara kabisa, uwanja wa gofu ukiwa papo hapo. Nililikumbuka kutoka kwenye televisheni, maana kuanzia 1991 hadi 1995 wachezaji wakubwa wa dunia walikutana pale kila mwaka mashindano ya Johnnie Walker. Dereva alitaka kuzungumzia kingine. Ukanda ule wote ulikuwa miwa, alisema, na miwa ile ililimwa na watu waliotolewa Afrika Magharibi, hadi Krismasi ya 1831 Sam Sharpe, shemasi wa Kibaptisti, alipowaongoza kugoma, na mashamba yakawaka moto. Walimnyonga Montego Bay Mei 1832. Sheria ya kukomesha utumwa ilipita London mwaka uliofuata, na uhuru kamili ukaja 1838. Nilitazama zile nyasi zilizokatwa vizuri na sikuwa na la kusema. Mke wangu akamwomba dereva asimamishe gari kidogo. Tukashuka, tukasimama tu.

Ijumaa ikaja ile ya bure. Kiwanja kilekile cha Jumanne, na basi la hoteli, ambalo Jumanne hakuna aliyeniambia kwamba lipo. Kigari 45. Kedi 30. Safari hii nilianza saa moja asubuhi, kabla ya Daktari, na nilimwomba mzee yuleyule. Nilipiga mikwaju 91 tu, ambayo kwangu ni sikukuu. Mke wangu alikuja kukaa kwenye kigari mashimo tisa ya mwisho, daftari mapajani, akimuuliza mzee habari za wajukuu.

Shimo la 17 mpira wangu wa mwisho ukaingia bwawani. Nikapekua begi zima, hakuna. Mzee akakohoa, akafungua mfuko wa plastiki kutoka kiunoni. "Ninayo iliyotumika kidogo, bosi. Mitatu kwa dola tano."

Nikaichukua. Wa kwanza ulikuwa na mkwaruzo. Wa pili mzima kabisa. Wa tatu ulikuwa na nukta tatu za zambarau.

Tulitazamana. Arusha tulikuwa na kijito nyuma ya shimo moja, na tuliingia humo jioni, suruali zimekunjwa magotini, tukitafuta mipira kwa vidole vya miguu. Wateja wetu wazuri walikuwa walewale walioitupa. Hakuna aliyewahi kuniuliza.

Nikampa tano. Mwisho wa raundi nikampa 30 nyingine, akazikunja bila kuzihesabu mbele yangu, kama inavyotakiwa.

Ndani ya basi Mama Neema akajumlisha. Dola 615 za Marekani, kwa kiwango cha wiki ile kama 840 za Kanada, weka na 80 za begi, 920. Akainua kalamu.

"Na ile tano ya mzee naiandika wapi? Mipira iko ukurasa huu. Bakshishi ukurasa huu."