Nilivyonasa picha za setelaiti juu ya mnara wa tenki, Mbagala

Mama alitoka uani na beseni la nguo akanikuta niko juu ya mnara wa tenki la maji, waya mkononi, futi yake ya kushonea imening'inia shingoni, akasimama kunitazama muda mrefu tu bila kusema kitu. Alafu akauliza, "We mtoto, unaiba king'amuzi cha nani?" Nikamwambia mama siibi, kuna picha za mawingu zinatoka angani nataka nizidake. Akasema haya, ukianguka usiniite.

Hiyo ni mwanzoni mwa 2024, na hapo nlikua nshahangaika wiki tatu nzima chumbani bila kuambulia hata mstari mmoja wa picha. Ngoja nieleze vizuri maana wengi nikiwaambia wanadhani nimedukua kitu, hakuna kudukua hapa, ni kusikiliza tu kama unavyosikiliza redio.

Iko hivi. Kulikua na setelaiti tatu za Marekani za hali ya hewa, NOAA 15, NOAA 18 na NOAA 19, zinazunguka dunia toka ncha ya kaskazini hadi ya kusini, juu kama kilomita 850, mzunguko mmoja unachukua dakika mia na kidogo. Zilikua zinapiga picha na kuzirusha hapohapo muda wote, wazi kabisa, hakuna nywila hakuna malipo, kwenye masafa ya MHz 137, ambayo ukiangalia ni juu kidogo tu ya FM tunayosikilizia taarabu. Mwenye antena anachukua. Na zilikua hazichagui, zinapita Mbagala kama zinavyopita London. Kilichonimaliza kabisa ni kwamba zilikua zinarusha kwa wati 5 tu. Balbu ya chooni kwetu ni wati 9!

Kwahiyo nikaagiza kale kadude ka USB ka kunasia mawimbi kutoka China, kama elfu thelathini na tano hivi na usafiri ndani, kakakaa njiani mpaka nikakasahau. Ndani yake kuna chipu inaitwa RTL2832U, ilitengenezwa watu waangalie TV kwenye kompyuta zao, ila kwenye 2012 hivi wajanja wakagundua kumbe ukiilazimisha kidogo inakupa mawimbi ghafi na kompyuta ndo inafanya kazi yote iliyobaki, yani kitu kilichouzwa cha kuangalia TV kinageuka redio ya kunasa karibu kila kitu, ndege, redio za mafundi, setelaiti, FM zenyewe. Kwa bei hiyo mi naona hakuna kifaa kinachokupa mambo mengi hivyo, wala hizo saa za mkononi za kuhesabu hatua.

Sasa makosa yangu, na yalikua mengi.

La kwanza draiva, yani kale kaprogramu kanakoiwezesha kompyuta kutumia kifaa. Ukichomeka hako kadude Windows inakimbilia kuweka draiva ya TV na programu ya redio haikaoni kabisa. Inabidi ushushe kaprogramu kanaitwa Zadig, ubadilishe draiva mwenyewe. Nilibadilisha, ila nikachagua kifaa sicho, nikaua kipanya changu siku nzima. La pili nlikua natumia kale kaantena kalikokuja kwenye boksi, nimekaweka dirishani, chini ya taa ya LED, pembeni ya chaja ya simu ile ya elfu mbili ya barabarani. Hizo chaja jamani zina makelele ambayo wewe huyasikii lakini redio inayasikia, kwenye skrini nlikua naona mistari mistari tu kama mvua. Nikazima taa, nikachomoa chaja, laptop nikaiacha kwenye betri, nusu ya makelele ikapotea palepale. Siku hizi nikitaka kunasa kitu naanza kuchomoa vitu ukutani kwanza, wadogo zangu washazoea, wakisikia "setelaiti inakuja" wanajua hakuna TV dakika kumi na tano.

Antena yenyewe ndo ilinibadilishia mambo. Kuna muundo mmoja wa fundi redio wa Croatia, ni waya mbili tu, kila mmoja sentimita 53.4, zimefungwa kwenye ile konekta ya plastiki ya skrubu ya mafundi umeme, zimeachana nyuzi 120 kama herufi V, alafu unailaza. Nasisitiza UNAILAZA, usiisimamishe. Stesheni za chini mawimbi yao mengi yamesimama wima kwahiyo antena iliyolala inayapunguza, wakati setelaiti mawimbi yake yanazunguka kwahiyo haijali. Na ile V unaielekeza kaskazini kusini kwa sababu setelaiti zinapita njia hiyo. Waya nilikata kwenye mabaki ya fundi aliyefunga umeme wa jirani, nikabandika kwenye kipande cha bomba la plastiki, alafu nikavuta waya wa dishi la zamani toka juu ya mnara mpaka dirishani kwangu. Wataalamu watakwambia waya wa dishi haulingani na kadude, achana nao, hutaona tofauti.

Gharama ya antena nzima ilikua buku mbili ya konekta. Kipimo ni futi ya mama.

Siku ya kwanza juu ya mnara nikasubiri NOAA 19. Kwenye simu nlikua na Look4Sat inayokuonyesha setelaiti inachomoza wapi na saa ngapi na itapanda nyuzi ngapi, ikipita chini ya nyuzi 30 usijisumbue. Basi nikakaa. Mstari mwembamba ukaanza kujitokeza kwenye skrini, hafifu, nikadhani ni chaja ya mtu, alafu ukakolea, nikaongeza sauti nikasikia: tik-tok, tik-tok, tik-tok, kama saa ya ukutani imemeza filimbi. Sijui nielezeje. Nilikaa mdomo wazi. Kila tik-tok moja ni nusu sekunde, na kila nusu sekunde ni mstari mmoja wa picha, kwahiyo ile sauti unayosikia ndo picha yenyewe inaingia mstari kwa mstari, dakika kumi na mbili unapata mistari kama 1,440.

Picha ilivyotoka sasa... uchafu mtupu. Upana wa masafa nlikua nimeacha ule wa redio za walinzi, wakati hii inataka kama kHz 36 hadi 40, ukibana sana picha inaharibika. Nikarekebisha. Mara ya pili ikatoka nzuri ila ina michirizi minene meupe kila baada ya vidole viwili. Nikaumiza kichwa siku mbili nikidhani ni antena. Kumbe sauti ilikua inapita kwenye spika za Windows kwenda kwenye programu ya kutengeneza picha, na WhatsApp ilikua wazi, kila meseji ya grupu la ukoo ilivyoingia inachora mstari juu ya Ethiopia. Shangazi peke yake alifuta nusu ya Sudan Kusini.

Na la saa ndo lilinichekesha kuliko yote. Programu ile huchora mipaka ya nchi juu ya picha kwa kupiga hesabu setelaiti ilikua wapi dakika ile, kwahiyo saa ikikosewa mipaka inahama. Yenyewe inataka saa ya UTC, ile ya pamoja ya dunia nzima. Laptop inasoma saa ya Afrika Mashariki ambayo iko mbele masaa matatu. Mi kichwani nahesabu Kiswahili. Kwahiyo NOAA 18 inapita saa nne usiku, laptop inasema 22, UTC ni 19, na mi nimeandika kwenye daftari "4" kama mtu mzima. Picha ya kwanza niliyoiwekea ramani, Ziwa Victoria liliangukia katikati ya bahari.

Ila ilipokaa sawa, aisee. Unaona Ziwa Victoria jeusi katikati, Tanganyika kama kisu, Nyasa kule chini, pwani yote toka Somalia mpaka Msumbiji, na Madagaska kwa mbali kama setelaiti imepita upande wa baharini. Hiyo haijatoka gugo, imetoka kwenye waya juu ya tenki letu.

Alafu kikaja kimbunga Hidaya. Mnaokumbuka, mwanzoni mwa Mei 2024, Mamlaka ya Hali ya Hewa ikaanza kutoa tahadhari ya kimbunga, kitu ambacho pwani yetu hatujakizoea kabisa kwa sababu tuko karibu na ikweta na vimbunga vya Bahari ya Hindi kwa kawaida vinaishia kwa majirani wa kusini. Ijumaa tarehe 3 nikapanda kunasa. Lile donge la wingu jeupe lilikua mashariki ya Mtwara na Mafia, limejizungusha kama maziwa ukikoroga kwenye chai, na ukubwa wake ndo ulinishtua, ukilipima kwenye picha ni kama limeifunika mikoa kadhaa kwa mpigo. Nilinasa zote zilizopita siku hiyo na kesho yake, nikazipanga kwa mfuatano unaliona linasogea bara. Jumamosi likafika Mafia na kuanza kufifia. Nilimwonyesha mama kwenye laptop, ndo siku ya kwanza hakuniuliza habari za king'amuzi, aliuliza tu, "Na sisi tuko wapi hapo?" Nikamwekea kidole. Akakaa kimya, alafu akaenda kuingiza majiko ndani.

Wiki moja baadae, Jumapili tarehe 12 Mei, nyaya za intaneti za chini ya bahari zikakatika, EASSy na Seacom zote mbili, huko kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Mtakumbuka jinsi nchi ilivyokwama, bando limejaa lakini halifanyi kitu. Mi nikasema ngoja nijaribu. Programu inahitaji zile namba za mzunguko wa setelaiti ambazo unazishusha mtandaoni, ila nlikua nazo za siku chache nyuma na zinadumu vizuri tu. Setelaiti ikapita, tik-tok tik-tok, picha ikaingia kama kawaida. Hapo ndo niliielewa vizuri raha ya hii kitu, kwa sababu hakuna kampuni katikati wala mnara wa mtu, ni yenyewe kule juu na waya wangu huku chini.

Uvumi mtaani ukasambaa kwamba kuna kijana ana intaneti ya peke yake. Mjumbe akaja. "Shikamoo mjumbe." "Marahaba. Hiyo kitu juu ya tenki ni ya nini mwanangu?" Nikamkaribisha kiti, nikamwonyesha picha za kimbunga, akaziangalia moja moja na miwani ameishusha puani, mwisho akauliza kama naweza kuona kiwanja chake cha Mkuranga. Nikamwambia mzee hapa nukta moja ni kilomita nne, kiwanja chako na cha jirani yako na kijiji kizima ni nukta moja. Akasema basi haina faida, akanywa chai akaondoka.

Yani hizi setelaiti nilizipenda kama watu. NOAA 19 ina kisa chake, mwaka 2003 ikiwa bado kiwandani California waliigeuza kwenye kitoroli chake ikaanguka chini puu, kumbe boliti 24 za kuishikilia hazikuwepo na hakuna aliyeangalia. Kuitengeneza iligharimu dola milioni 135. Ikarushwa 2009 na ikafanya kazi miaka kumi na sita. NOAA 15 ndo bibi yao, ya Mei 1998, siku nyingine picha zake zilikua zinakuja zimekatikakatika kwa sababu mota ya kioo ilikua imechoka.

Mwaka 2025 wakazizima. NOAA 18 ilienda Juni, NOAA 19 tarehe 13 Agosti, NOAA 15 tarehe 19 Agosti. Nlikua najua inakuja ila kesho yake jioni nilichomeka kadude nikakaa kwenye masafa ya NOAA 15, 137.62, muda ambao ingepita, kulikua na shhhhh tu. Mama akiwa jikoni akauliza, "Leo haiimbi?"

Sasa hivi nanasa za Warusi, Meteor-M N2-3 na N2-4, antena ileile sijagusa hata skrubu. Hizi ni za kidijitali, programu natumia SatDump inafanya kila kitu yenyewe, hakuna WhatsApp kuchora juu ya Ethiopia, na picha ni kali zaidi, nukta moja ni kilomita moja, na mchana inatoka na rangi mpaka unatofautisha mashamba na pori. Kwa kweli ni bora kwa kila kipimo. Ila haina tik-tok, ukifungua sauti ni kama redio imepoteza stesheni, na mama ameshaamua kwamba hii mpya ni mbovu.

Lakini anaiamini. Juzi aliniuliza kama aanike mablanketi, nikaangalia picha ya asubuhi, hakuna hata wingu toka Bagamoyo mpaka Kilwa, nikamwambia anika mama. Saa nane mchana mvua ikashuka kama imetumwa.